Jinsi ya Kuchagua Viatu vya Hoki ya Barafuni Vinavyokaa Vyema Mguuni

Mzazi yeyote aliyekulia kwetu anajua namna ya kumnunulia mtoto viatu: unabonyeza kwa kidole gumba pale mbele, ukikuta nafasi unaridhika, kwa kuwa mtoto anakua na viatu ni ghali. Hesabu hiyo ni sahihi kwa viatu vya shule, lakini kwa viatu vya hoki ya barafuni ndiyo inayoharibu kila kitu. Nilijifunza hivyo kwa gharama yangu hapa Edmonton, Kanada, katika msimu wa kwanza wa mwanangu, nilipoingia dukani mwezi wa Septemba, nikataja namba ya viatu vyake vya shule, nikaongeza namba moja ya kukulia, na muuzaji, aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, akaniletea boksi bila kumtazama mtoto miguuni. Kwa wiki sita kijana alitembea barafuni vifundo vimelala kwa ndani kama ndama aliyezaliwa jana, nami nikijiambia kwamba ana miguu dhaifu. Siku moja mzee aliyekuja na mjukuu wake alituomba ruhusa, akachuchumaa, akaingiza vidole viwili kati ya kisigino cha mtoto na ukuta wa kiatu, navyo vikapita bila kugusa chochote. Hakuhitaji kusema neno.

Watu wa huku huviita skeiti, jina nililoacha kulitumia katika simu za nyumbani tangu shangazi aliponiuliza kwa nini ninamnunulia mvulana sketi. Nitaviita viatu vya hoki.

Ili kuelewa kwa nini nafasi ndogo tu ya ziada ina madhara, tazama kiatu chenyewe upande wa chini. Uzito wote wa mchezaji umesimama juu ya ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 3 hivi, na kila anapogeuka, anaposimama ghafla au kusukuma, mguu hulazimika kuulaza ukanda huo upande mmoja au mwingine. Mguu ukiwa umeshikwa sawasawa, chuma huinama mara moja pamoja nao. Ukiwa na nafasi, mguu hutembea kwanza ndani ya buti, hugonga ukuta, ndipo chuma kinapopata habari. Na katika muda huo mfupi kifundo huwa kimeshaanguka. Wengi wanaodhani wana vifundo dhaifu hawana tatizo lolote la vifundo. Wana viatu vikubwa.

Anza nyumbani, jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa na kipimo cha asubuhi hudanganya. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegota ukutani, uzito wote ukiwa mguuni, kisha mtu mwingine aweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili. Ni watu wachache ambao miguu yao inalingana kabisa, na namba utakayonunua ni ya mguu mrefu. Andika urefu huo kwa sentimita na uende nao dukani, kwa sababu sentimita ndiyo lugha pekee ambayo watengenezaji wote wanaielewa kwa maana moja.

Namba zenyewe zina mkanganyiko wake. Namba ya kiatu cha hoki huwa chini kuliko namba ya Kimarekani ya kiatu cha kawaida cha kiume kwa moja hadi moja na nusu, hivyo mwanamume anayevaa 9.5 ataanza kujaribu 8, ambayo kwa kipimo cha Ulaya ni kama 43. Mwanamke anayetumia namba za kike za Kimarekani atashuka mbili au zaidi. Kwa sisi tuliozoea namba za Kiingereza zilizoandikwa ndani ya viatu vya Bata, kuna njia fupi ambayo sijaona wauzaji wa huku wakiitaja: kwa kuwa namba ya Kiingereza ya mwanamume nayo iko chini ya ile ya Kimarekani kwa takriban moja, namba yako ya zamani ya nyumbani mara nyingi hukaribia sana namba ya kiatu chako cha hoki, au huizidi kwa nusu. Hata hivyo, namba ni mahali pa kuanzia tu. Mtu anayenunua kwa namba peke yake, hasa kupitia mtandao, anabahatisha.

Baada ya urefu huja umbo, na hapa ndipo watu wetu wanapokwama zaidi. Wengi tuliokua tukitembea peku tuna mguu uliotanuka mbele kwenye vidole ilhali kisigino ni chembamba, na mguu wa namna hiyo ukitiwa ndani ya buti pana hutulia mbele na kucheza nyuma, ukitiwa ndani ya buti jembamba hutulia nyuma na kubanwa mbele. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linalorekebishika, kwa kuwa fundi anaweza kulitanua buti mahali panapobana, lakini hakuna fundi anayeweza kukifinya kisigino cha buti kikashika mguu ambao hakikutengenezewa. Kwa hiyo chagua kiatu kwa kisigino kwanza, kisha ushughulikie vidole.

Watengenezaji wakubwa wanalitambua suala hili. Kampuni ya Bauer sasa hupanga viatu vyake kwa maumbo matatu, Fit 1, Fit 2 na Fit 3, la kwanza likiwa la mguu mwembamba usio na kina na la tatu la mguu mpana ulionenepa juu. CCM nayo hutumia majina ya Tapered, Regular na Wide kwa mantiki inayokaribiana. Kwenye viatu vya zamani, ambavyo bado utavikuta katika maduka ya mitumba, upana uliandikwa kwa herufi, D kwa mguu wa kawaida na EE kwa mguu mpana. Maduka mengi makubwa yana mashine inayopiga picha ya mguu kutoka pande zote na kupendekeza umbo; itumie, lakini usiiachie uamuzi, kwa sababu mashine huona mguu uliosimama wima, nawe utacheza ukiwa umekunja magoti.

Sasa tuje kwenye kuvaa, ambako hakutakiwi haraka. Nenda dukani siku isiyo ya Jumamosi ukiweza, na uende na soksi ileile utakayochezea, ambayo inapaswa kuwa moja tu na nyembamba. Najua baridi ya huku inavyotisha, na najua mkono wa mama unavyotaka kuongeza soksi ya pili ya sufu. Lakini soksi nene hulowa jasho, huteleza ndani ya kiatu, na kwa kuziba damu isizunguke huufanya mguu uwe baridi zaidi.

Kabla hata ya kuingiza mguu, chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni na usimame juu yake. Kisigino kikiwa kimekaa katika kikombe chake, vidole havipaswi kuvuka ukingo wa mbele, wala nyama ya mguu haipaswi kumwagika pembeni zaidi ya kidogo. Ni jaribio la nusu dakika, na limeniokoa mara mbili nisihangaike na kiatu ambacho hakikuwa na njia ya kukaa.

Kisha legeza kamba hadi chini kabisa, vuta ulimi mbele, ingiza mguu, na upigepige kisigino sakafuni kwa nyuma mara tatu au nne ili kirudi hadi mwisho, huku ukiweka ubao au zulia chini ili usiharibu chuma wala sakafu ya watu. Kabla ya kufunga kamba, chukua penseli uilaze juu ya mdomo wa buti, ikipita kutoka safu moja ya matundu ya kamba hadi nyingine, kwenye tundu la tatu kuhesabu kutoka juu. Penseli ikilala kwenye kingo zote mbili bila kugusa mguu, buti lina kina cha kutosha. Mguu ukiinua penseli, buti ni fupi kwa kina, na hata likikaa vizuri kwingine kote, siku zijazo kamba zitakukata juu ya mguu, pale kano zinazoinua vidole zinapopita, mpaka utembee ukichechemea siku mbili baada ya kila mchezo. Wachezaji wengi huyachukua maumivu hayo kuwa sehemu ya mchezo. Si kweli, ni maumivu ya buti lisilo na kina.

Funga kamba kuanzia chini: mbele kwa wastani, katikati ya mguu kwa nguvu zaidi ili kisigino kifungwe nyuma, na juu kwa kiasi kinachoruhusu goti likunjwe mbele. Kisha tazama safu mbili za matundu. Zinatakiwa kwenda sambamba, zikiachana kwa nafasi ya vidole vitatu hivi. Zikikaribia kugusana, buti ni kubwa mno kwa mguu wako na umelifinya kwa kamba. Zikitanuka juu na kukutana chini, mguu umejaa kuliko buti.

Simama wima. Vidole vinapaswa kuigusa kofia ya mbele, yaani ganda gumu linalofunika vidole, kwa wepesi, kama kidole kinavyogusa pazia, bila kujikunja wala kusukumwa. Wapya hushtuka hapa, kwa sababu tangu utotoni tumefundishwa kwamba kiatu kinachogusa vidole ni kidogo, na wengi huomba namba kubwa kabla ya hatua inayofuata. Vumilia. Kunja magoti kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda, kifua kikiwa mbele, na utaona kisigino kikirudi nyuma na vidole vikijivuta kutoka kwenye kofia. Hapo ndipo mahali pake, na hilo ndilo umbo utakalokuwa nalo barafuni karibu muda wote. Vidole vikibaki vimebanwa hata baada ya kukunja magoti, kiatu ni kidogo kweli. Visipogusa kabisa hata ukiwa wima, na wewe ni mtu mzima usiyetarajia kukua, rudisha boksi.

Ukiwa bado umekunja magoti, mwombe mwenzako ajaribu kuingiza kidole nyuma, kati ya kano ya kisigino na ulimi wa nyuma wa buti. Kidole kimoja kikipita kwa shida, vyema. Viwili vikipita, unakumbuka nilivyoaibika mbele ya yule mzee. Baada ya hapo inuka kwenye ncha za miguu: kisigino chako kikinyanyuka ilhali buti limebaki chini, hata kwa upana wa sarafu, utapata malengelenge katika saa ya kwanza ya mchezo.

Kaa navyo dakika 15 bila kuvivua, ukitembea kidogo kwenye zulia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na muuzaji hawezi kuisikia miguu yako, kwa hiyo jifunze kutofautisha aina za kubanwa. Kubanwa kote kwa usawa, kama mkono mkubwa ulioushika mguu kwa nguvu, ni dalili njema na kutapungua. Maumivu ya nukta moja, kwenye mfupa wa kifundo, kwenye mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo au juu ya kisigino, hayatapungua yenyewe, na usimwamini anayekwambia kwamba kiatu kitazoea. Ganzi katika vidole nayo ni sababu ya kukikataa kiatu palepale. Watoto wana shida ya pekee hapa, kwa kuwa mtoto anayevitamani viatu vile vyekundu atasema haviumi hata kama vinaumiza. Mwanangu simuulizi tena kama vinauma, namwambia anioneshe kwa kidole mahali anapovisikia zaidi, na jibu lake huwa la kweli.

Kiatu kilichokaribia kukaa sawa kinaweza kukamilishwa kwa kuokwa. Usistaajabu: viatu vingi vya kiwango cha kati na cha juu vimetengenezwa kwa malighafi inayolainika kwa joto, na duka huwa na tanuri maalumu ambamo buti huwekwa kwa dakika chache katika joto la nyuzi 80 za Selsiasi hivi, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Likitoka, unalivaa likiwa na moto wa kuvumilika, unafunga kamba kwa kuzivuta pembeni na si kwenda juu, kwa sababu matundu yaliyolainika hung'oka kwa urahisi, kisha unakaa kitini dakika 10 hadi 15 bila kusimama wala kutikisa mguu. Baada ya hapo kiatu kisiguse barafu kwa saa 24. Kuoka hakuongezi urefu. Kazi yake ni kulifanya buti lifuate mashimo na vilima vya kifundo na kisigino chako, kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba kiatu kilichokufinya vidole kitakuwa kizuri baada ya kuokwa anakuuzia matumaini. Viatu vya bei ya chini kabisa, kwa kawaida, havina malighafi hiyo, na kuvitia katika oveni ya nyumbani ni kuharibu gundi. Pale panapobaki nukta ya maumivu baada ya kuoka, fundi wa duka hulipasha joto eneo hilo pekee na kulisukuma nje kwa kifaa mfano wa koleo.

Nimezungumza kana kwamba bei haina neno, na kwa kweli katika suala la kukaa mguuni haina. Kiatu cha bei ya juu ni kigumu zaidi na chepesi zaidi, lakini ugumu huo umekusudiwa kwa mtu mzima mwenye nguvu za kulikunja buti. Mtoto wa kilo 30 aliyevalishwa buti la kiwango cha wachezaji wa kulipwa hushindwa kukunja kifundo na hutembea kama amefungwa plasta. Kiatu cha kati kinachokaa sawa humpa mengi kuliko hicho.

Kwa mtoto anayekua, nafasi inayokubalika ni nusu ya namba, basi. Namna ya kuipima ni kulegeza kamba kabisa, kumwambia asukume mguu mbele mpaka vidole viguse kofia, kisha kuingiza kidole chako kimoja nyuma ya kisigino: kikiingia kwa kubana kidogo, anayo nafasi ya msimu mmoja. Kikiingia kwa raha, umenunua kiatu cha mwakani. Tunaolazimika kubana matumizi tuna njia nyingine, nayo ni kununua vilivyotumika, kwa sababu watoto huku huviacha viatu vikiwa na maisha mengi bado. Maduka kama Play It Again Sports huuza vifaa vya michezo vilivyotumika, na mashirika kama Jumpstart na KidSport husaidia familia kubeba gharama za michezo. Ukinunua kilichotumika, bonyeza buti kwenye vifundo uone kama limelegea, tazama kama ribiti zinazoshika sehemu ya chini hazichezi, na ulinganishe kina cha chuma kilichobaki na cha kiatu kipya cha aina hiyo, maana kila kunolewa huondoa kidogo. Kumbuka pia kwamba buti lililookwa limeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Likimkaa mwanao ni bahati, lisipomkaa usilazimishe.

Nyumbani Afrika Mashariki maelezo haya yalikuwa hayana pa kutumika hadi mwaka 2005, uwanja wa barafu ulipofunguliwa katika hoteli ya Panari, Nairobi, ambako baadaye timu ya hoki ya Ice Lions ilijijenga. Anayejifunza kwenye uwanja wa namna hiyo kwa viatu vya kukodi hana uwezo wa kuoka wala kutanua, lakini anaweza kuomba namba ndogo kuliko anayodhani ni yake, kuvaa soksi moja nyembamba, na kukaza kamba katikati ya mguu. Viatu vya kukodi vimelegea vifundoni kwa kutumiwa na watu wengi, kwa hiyo usijipime uwezo wako kwa hivyo.

Ukishavinunua, usiende navyo moja kwa moja barafuni. Chuma cha kiatu kipya kwa kawaida hakijanolewa, na mtu anayeingia nacho hivyo huteleza ovyo na kukilaumu kiatu. Mwombe muuzaji akinoe kabla hujatoka dukani. Jioni mbili tatu, mvalishe mtoto viatu vikiwa na vifuniko vya plastiki vya kulinda chuma, atazame televisheni navyo kwa dakika 20. Mahali patakapokuwa pekundu anapovivua patakwambia fundi akaguse wapi, na ni nafuu kulijua hilo sebuleni kuliko katikati ya mechi.

Baada ya kila mchezo chomoa soli za ndani, futa chuma hadi kikauke, na uviache viatu wazi mbali na hita. Ile karatasi ya kwanza ya kipimo nimeibandika nyuma ya mlango wa kabati, na kila baada ya miezi miwili mwanangu husimama tena kisigino ukutani. Mara ya mwisho alama mpya ilikuwa imeipita ya zamani kwa milimita 6, na alipokunja magoti ndani ya viatu vyake vidole havikuachana na kofia ya mbele. Tulikwenda dukani Jumanne.